Maswali ya Wasomaji: Waitalia na Sigara Zao

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaishi Brescia, kaskazini mwa Italia. Kila duka la sigara hapa lina kibao chenye herufi T kubwa, na vibao vya zamani vimeandikwa "Sali e Tabacchi", yaani chumvi na tumbaku. Vitu hivi viwili vilikutana wapi? (Bi. R., Brescia)

JIBU: Vilikutana katika hazina ya serikali, Bi. R. Ufalme wa Italia ulipoundwa mwaka 1861 ulikuwa na madeni mengi, na mwaka uliofuata ulipitisha sheria ya kuifanya tumbaku kuwa ukiritimba wa dola. Serikali ndiyo iliyonunua majani kwa wakulima, ikamiliki viwanda, ikapanga bei na kumpa mwenye duka leseni ya kuuza. Chumvi nayo ilikuwa mali ya ukiritimba, kwa hiyo mwenye leseni aliuza vyote viwili pamoja na stempu na karatasi zilizolipiwa ushuru. Na baada ya sheria ya mwaka 1900, wakazi wa maeneo yenye malaria waliweza kununua kwinini ya serikali katika maduka hayohayo. Ukiritimba wa chumvi uliondolewa katika miaka ya 1970, lakini vibao vingi viliachwa mahali pake.

Ukitaka kuielewa sigara ya Kiitalia, anza na hazina hiyo, kwa maana kwa muda mrefu kuwasha sigara nchini humo kulikuwa namna ya kulipa kodi, na kukataa kuvuta kuliweza kuwa uasi. Mfano ulio wazi kabisa ni wa kabla ya Ufalme wenyewe. Milano ilikuwa chini ya Austria, ambayo ilijipatia fedha nyingi kutokana na tumbaku. Kuanzia tarehe 1 Januari 1848 wazalendo wa mji huo walikubaliana kutovuta, na aliyeonekana barabarani na sigara mdomoni (wakati huo ni zile nene za majani matupu, maana ya karatasi ilikuwa haijaenea) alizomewa au kupokonywa. Askari wa Austria walijibu kwa kuzunguka mitaani makundi kwa makundi, wakiwapulizia moshi wapita njia kwa makusudi. Tarehe 3 Januari ugomvi huo uligeuka kuwa umwagaji damu na raia kadhaa waliuawa. Mwezi Machi mji mzima uliinuka, na baada ya siku tano za mapigano jeshi la Austria lilikimbia. Sisemi kwamba sigara ndiyo iliyoleta mapinduzi, kwani sababu zilikuwa nyingi, lakini ni nadra kwa watu kuacha starehe yao kwa pamoja ili kuinyima serikali mapato.

Dola mpya ilipokuja ilishika mkondo uleule wa fedha. Viwanda vyake vya tumbaku, katika miji kama Florence, Lucca na Napoli, viliajiri wanawake kwa maelfu, na hao ndio waliosokota kwa mikono sigara nene iitwayo Toscano, ambayo Garibaldi, mpiganaji mashuhuri wa kuiunganisha Italia, aliipenda na ambayo wavutaji wengi huikata katikati ili iwatoshe mara mbili. Sigara ya karatasi ilipata nguvu hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari walipogawiwa tumbaku pamoja na chakula chao.

SWALI: Niliangalia filamu ya zamani ambamo Sophia Loren anauza sigara za magendo na kila mara anashika mimba ili asifungwe. Je, jambo kama hilo liliwezekana, au ni vichekesho tu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Liliwezekana. Filamu hiyo ni "Ieri, oggi, domani" ya mwaka 1963, iliyoongozwa na Vittorio De Sica, na sehemu uliyoitaja ilitokana na maisha ya mwanamke halisi wa mtaa wa Forcella mjini Napoli. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1930, ambayo ilitungwa na utawala wa Mussolini, iliagiza kwamba kifungo cha mwanamke mjamzito kiahirishwe hadi miezi 6 baada ya kujifungua. Aliyeielewa sheria hiyo vizuri, na akawa na mume mwenye subira, angeweza kuahirisha na kuahirisha tena.

Magendo yenyewe yalishamiri wakati wa vita. Majeshi ya Washirika yaliingia Napoli mwaka 1943 na kuifanya bandari yake mlango wa shehena zao, na sigara za Kimarekani zilizovuja kutoka ghala za jeshi ziliuzwa vichochoroni na watoto na akina mama waliokuwa hawana riziki nyingine. Vita vilikwisha, ila kodi ya tumbaku haikwisha, na pakiti isiyopitia ukiritimba iliendelea kuwa na bei nafuu. Katika miaka ya 1970 boti za kasi zilizopakwa rangi ya buluu ziliegeshwa mchana kweupe katika gati la Santa Lucia, kila mtu akijua kazi yake. Usiku zilitoka hadi nje ya maji ya nchi, zikapakia maboksi kutoka kwenye meli kubwa, kisha zikarudi zikifukuzwa na boti za Guardia di Finanza, kikosi cha kulinda mapato ya serikali. Kijana aliyeendesha boti hiyo alihesabiwa mtaani kuwa mtu mwenye ajira, na mnunuzi wa pakiti yake hakujiona mkosaji, kwa sababu aliyepunjwa alikuwa serikali.

Naona filamu imeupamba mno upande huo wa kuchekesha. Magenge ya wahalifu yaliichukua biashara hiyo, na baadaye kitovu chake kilihamia Puglia, ng'ambo ya Montenegro. Mwezi Februari 2000, karibu na Brindisi, gari la wafanya magendo lililoimarishwa kwa vyuma liliwagonga na kuwaua askari wawili wa Guardia di Finanza. Serikali ilijibu kwa operesheni kubwa iliyoitwa Primavera, na njia hiyo ya Puglia ilivunjwa.

SWALI: Nimefanya kazi katika hoteli za Malindi, ambako Waitalia ni wengi. Wazee wao husimulia kwamba zamani walivuta hata ndani ya sinema, lakini siku hizi mgeni husimama mwenyewe na kutoka nje bila kuambiwa. Nani aliwafunza? (Bw. K., Malindi)

JIBU: Wazee hao wanasema kweli, Bw. K. Uchunguzi wa maoni wa mwaka 1957 uliwakuta wanaume wavutaji kuwa takriban asilimia 65, na wanawake asilimia 6 hivi. Mwaka 1962 Italia ilipiga marufuku matangazo yote ya tumbaku, mapema kuliko nchi nyingi za Ulaya. Ni sheria inayosifiwa, ingawa mimi naona iliifaa pia idara ya ukiritimba, ambayo haikuhitaji matangazo ili ijulikane, huku washindani wa kigeni wakiyahitaji. Kampuni hizo zilizunguka mlango wa nyuma: kulikuwa na nguo za Marlboro Classics, na magari ya mbio ya Ferrari yalibeba jina la Marlboro. Sheria ya mwaka 1975 ilikataza kuvuta katika sinema, madarasa na wodi za hospitali, na wengi waliichukua kama ushauri tu.

Badiliko kubwa lilikuja tarehe 10 Januari 2005, ilipoanza kutumika sheria inayojulikana kwa jina la waziri wa afya Girolamo Sirchia. Baa, mikahawa na ofisi zote zilihusika, isipokuwa vyumba vilivyotengwa na kuwekewa mitambo ya kutoa hewa. Faini ya mvutaji ilikuwa kati ya euro 27.50 na 275, na iliongezwa maradufu akivuta mbele ya mjamzito au mtoto mdogo, nayo ya mwenye baa asiyetimiza wajibu wake ilifika euro 2,200. Magazeti yalitabiri vurugu, lakini watu walitii karibu mara moja. Nadhani sababu zilikuwa tatu: wasiovuta walikuwa tayari ndio wengi, aliyebeba mzigo alikuwa mwenye baa, aliyeogopa kupoteza fedha, na Mwitalia hunywa kahawa yake akiwa amesimama, kwa dakika chache, hivyo kutoka nje hakukumvurugia mazungumzo. Mjini Roma watafiti waliona matukio ya ghafla ya ugonjwa wa moyo yakipungua kwa takriban asilimia 11 miongoni mwa watu wa miaka 35 hadi 64. Wavutaji bado wapo, karibu mtu mmoja kati ya watano, na pengo kati ya wanaume na wanawake limepungua sana.

SWALI: Ninasafiri kwenda Milano na ninavuta. Nijihadhari na nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Tangu tarehe 1 Januari 2025 hairuhusiwi kuvuta barabarani na mahali pa wazi pa umma mjini humo, isipokuwa uwe mbali na watu wengine kwa mita 10 au zaidi, faini ni kati ya euro 40 na 240. Nunua sigara zako mchana, kwa sababu usiku maduka mengi ya tumbaku hufungwa, na mashine iliyoko nje hudai kadi ya afya ya Italia ili ithibitishe kwamba umetimiza miaka 18. Mashine hiyo haitaitambua pasipoti yako.