Tumetia saini SAFE mbili: raundi ikifungwa, waanzilishi tutabaki na asilimia ngapi?

SWALI: Tuko waanzilishi wawili Nairobi, tunatengeneza programu ya stoo na mauzo kwa maduka ya jumla. Kampuni mama tumeisajili Delaware, Marekani. Mwekezaji wa kwanza alitupa dola 100,000 kwa SAFE (mkataba wa kutoa fedha sasa na kupewa hisa baadaye, raundi ya uwekezaji ikifanyika) yenye kikomo cha thamani, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni ya kumhesabia hisa zake, cha dola milioni 2. Baadaye mfuko mdogo ukatupa dola 150,000, kikomo milioni 3 pamoja na punguzo la asilimia 20 kwenye bei ya hisa ya raundi. Zote mbili ni za "baada ya mtaji", yaani kikomo kinahesabiwa fedha za SAFE zote zikiwa ndani. Sasa mfuko mkubwa unataka kuweka dola milioni 1 kwa thamani ya milioni 4 kabla ya mtaji, yaani kabla fedha zake hazijaingia, ila unadai litengwe fungu la hisa za wafanyakazi la asilimia 10. Fungu hilo hatukuwa nalo. Mwenzangu anasema tutabaki na asilimia 72. Ni sawa?

JIBU: Si sawa. Mtabaki na asilimia 62.75, yaani 31.375 kila mmoja ikiwa mmegawana nusu kwa nusu.

Mwenzako ameanza vizuri. Kwa SAFE za baada ya mtaji, ambazo Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza kwenye kampuni changa, ilizitoa mwaka 2018 kuchukua nafasi ya zile za 2013, asilimia ya mwekezaji ni fedha aliyotoa kugawa kwa kikomo. Wa kwanza: 100,000 kwa 2,000,000 ni asilimia 5. Wa pili: 150,000 kwa 3,000,000, asilimia 5 tena. Na hapa wengi hujidanganya: SAFE ya pili haimmegi (haimpunguzii asilimia) mwenye SAFE ya kwanza. Zote mbili zinawamega ninyi waanzilishi peke yenu. Zile za 2013 zilikuwa zinamegana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana ushauri wa zamani unaozunguka mtandaoni haulingani na hati mliyo nayo.

Basi mwenzako akachukua 90, akaondoa asilimia 20 ya mwekezaji mpya (milioni 1 kati ya milioni 5), akapata 72. Alichosahau ni fungu la wafanyakazi. Asilimia 10 inayodaiwa ni ya hisa zote baada ya raundi, lakini kwa kawaida huhesabiwa ndani ya thamani ya kabla ya mtaji, kwa hiyo mwekezaji mpya hachangii hata senti. Asilimia 10 ya milioni 5 ni dola 500,000. Thamani halisi mnayopewa ninyi na wenye SAFE si milioni 4, ni milioni 3.5. Ile milioni 4 ni ya kutajia watu.

Milioni 3.5 ni asilimia 70 ya milioni 5, kwa hiyo mkiishia hapo mtapata asilimia 70 ya ile 90, yaani 63. Bado kuna kitu. SAFE ya pili ina kikomo na punguzo, na mwenye nayo huchukua njia inayompa hisa nyingi zaidi. Chukua ile milioni 3.5, punguza asilimia 20: ni milioni 2.8, chini ya kikomo chake cha milioni 3. Kwa hiyo atatumia punguzo, na 150,000 zake zitagawiwa kwa 2,800,000. Hiyo ni asilimia 5.357 kabla ya fedha mpya na fungu, 3.75 baada yake. Jedwali la hisa linakuwa hivi: mwekezaji mpya 20, fungu 10, SAFE ya pili 3.75, ya kwanza 3.5, ninyi 62.75. Jumla ni 100.

Fanyeni hesabu kwa asilimia kwanza, kisha ndipo mgeuze kuwa idadi ya hisa. Mkianza na hisa, Excel itawalalamikia kwamba fomula inajizunguka, kwa sababu bei ya hisa inategemea hisa za SAFE, na hisa za SAFE zinategemea bei.

Pa kubishania ni ukubwa wa fungu, zaidi ya thamani yenyewe. Likishuka hadi asilimia 5, thamani halisi inapanda hadi milioni 3.75, ukitoa asilimia 20 unapata milioni 3 kamili, sawa na kikomo, na punguzo halina faida tena kwa yule wa pili. Ninyi mnabaki na 67.5. Usiende mezani kuomba huruma. Peleka orodha ya watu mtakaowaajiri kwa miezi 18 ijayo, nafasi kwa nafasi, na asilimia ya kila mmoja. Ikiwa jumla ni 4, mwekezaji atapata tabu kutetea 10.

Kabla ya yote, mwanasheria asome kifungu kinachoeleza hisa zipi zinahesabiwa kwenye mtaji wa kampuni. Hesabu yangu inachukulia kwamba ongezeko la fungu linalofanywa kwa ajili ya raundi halimo humo, hivyo wenye SAFE nao wanamegwa nalo. Kuna hati zilizochezewa zikaliingiza. Hapo kila mwenye SAFE anapata asilimia 4, yule wa pili anarudi kwenye kikomo, nanyi mnashuka hadi 62.

Jambo la mwisho ni kipaumbele cha malipo kampuni ikiuzwa. Wenye SAFE wapewe daraja lao la hisa za upendeleo (zinazolipwa kabla ya hisa za kawaida), ambalo kipaumbele chake kwa kila hisa ni bei iliyotumika kugeuza fedha zao kuwa hisa, si bei ya mwekezaji mpya. Mkiwaweka wote kwenye daraja moja, yule aliyetoa 100,000 atadai 175,000 kabla ninyi hamjagusa kitu, kwa kuwa bei mpya ni mara 1.75 ya yake. Angalieni pia kama kuna barua ya pembeni (makubaliano ya ziada nje ya SAFE) inayompa mmoja wao haki ya kuongeza fedha ili kulinda asilimia yake; kama ipo, mwekezaji mpya aambiwe sasa, kwa sababu nafasi hiyo itatoka kwenye ile milioni 1 yake au raundi italazimika kukua.