Kabla hujailaumu bunduki, tazama mfuko wa mchanga

Msimu wangu wa kwanza wa kulenga shabaha mezani niliumaliza nikitupa pesa. Bunduki yangu ni .22, ya risasi ndogo, ya bolti, yaani kile chuma cha nyuma unachokivuta kwa mkono kupakia risasi, ya kawaida tu, na juu yake darubini ya kukuza mara 24. Kwa yadi 50 risasi hazikutawanyika ovyo. Zilijipanga wima, moja juu ya nyingine, utadhani mtu amezitunga kwenye uzi. Kulia na kushoto salama, juu na chini inchi nzima. Nikabadilisha risasi, aina tatu. Nikabadilisha vishikizo vya darubini. Nikamwambia mke wangu pengine mtutu umechoka, akaniuliza mtutu unachokaje na mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja pale klabu, fundi mashine mstaafu, Mmarekani wa maneno ya kuhesabu. Mimi humwita mzee, naye keshazoea. Alisimama nyuma yangu nikapiga tano, kisha akaniambia nitoe bolti. Nikaitoa. Akaweka vidole viwili nyuma ya mshiko, akaivuta bunduki taratibu. Ikagoma. Akavuta zaidi, ikagoma tena, halafu ikachomoka ghafla kama nusu inchi, na mfuko wa nyuma ukaifuata, umeng'ang'ania kitako kama mtoto aliyeshika buibui la mamake sokoni. "Umeona?" akasema, akaenda zake.

Kwa asiyeujua mchezo: unakaa mezani, mbele bunduki inalala juu ya mfuko wa mchanga uliowekwa kwenye stendi nzito, na nyuma kitako kinapita kati ya masikio mawili ya mfuko mdogo, ambayo huku wanayaita masikio ya sungura. Hapa Pennsylvania, Marekani, mchezo huu una wenyewe; klabu ya Williamsport, ya wanaopiga yadi 1,000, ipo tangu 1967. Misuli haisaidii kitu. Kinachotakiwa ni bunduki irudi nyuma vilevile, kila mara, kisha uisukume mahali pake palepale.

Nimeulizwa mara nyingi: risasi ikishatoka, bunduki ikwame isikwame, kuna hasara gani? Shida ni kwamba bunduki huanza kusogea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Piga hesabu. Risasi ya .22 ina gramu 2.6, bunduki yangu na darubini yake ni kilo 5, mtutu sentimita 60. Kwa uwiano huo, mpaka risasi inaonja hewa, bunduki imesharudi karibu theluthi moja ya milimita, unene wa kadi ya jina tu. Lakini ndani ya hiyo theluthi ndipo kitako kinapoteleza au kinapong'ang'ania. Risasi ya kwanza kiteleze, ya pili king'ang'anie, ya tatu kiteleze nusu, na mdomo wa mtutu utainuka kwa namna tatu. Msuguano mwingi unaofanana kila mara unaweza kuishi nao. Unaokutia hasara ni ule unaobadilika.

Kwa hiyo usikimbilie dukani kutafuta kitu cha kupaka. Tafuta kwanza kinachokwaruza.

Kwangu mimi alikuwa mchawi mdogo kabisa: ile skrubu ya kushikia mkanda, chini ya kitako. Ilikuwa inazama kwenye ngozi ya mfuko kati ya masikio, na kila bunduki ikipiga teke inalima mtaro. Niliifungua kwa dakika moja. Ile ya mbele nayo itoe, maana bunduki ikirudi, skrubu inakwenda kugonga ukingo wa mfuko. Pitisha kiganja chini ya mbao ya bunduki, mbele na nyuma. Kama ni bunduki ya kuwindia utakuta nakshi za kuchonga zinazouma ngozi kama tupa. Geuza na mifuko uitazame: mshono ukikaa kwenye njia ya kitako, zungusha mfuko, au tafuta mwingine.

Baada ya hapo rudia kipimo cha mzee, lakini safari hii macho yawe kwenye darubini. Bolti nje, magazini nje, mtutu umeelekea kwenye shabaha. Vuta bunduki nyuma inchi mbili, irudishe, huku unautazama msalaba wa darubini. Ukipanda na kushuka kwa mstari ulionyooka, shukuru Mungu. Ukienda kwa kuruka-ruka, bado kuna kinachokwama. Ukitoroka pembeni, msuguano hauna hatia hapo, mifuko yako miwili haijakaa kwenye mstari mmoja, na poda ya dunia nzima haitakusaidia. Kipimo hiki hakina gharama, na ndicho ninachokirudia kila nikikaa mezani, hata kabla ya kufungua boksi la risasi.

Sasa tepu. Kuna tepu ya plastiki ngumu yenye utelezi, ile inayobandikwa kwenye reli za droo na kwenye mashine za viwandani, na kuna ya tefloni. Zote zinafaa, mimi napenda ile ya plastiki ngumu kwa sababu haichubuki haraka. Futa mbao kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha bandika kipande kimoja kwa urefu chini ya mbao ya mbele, na kingine kwenye ukingo wa chini wa kitako, kipana kiasi cha kupanda kidogo ubavuni ambako masikio yanagusa. Pembe zikate mviringo, vinginevyo zitaanza kubanduka kabla ya wiki mbili. Kosa langu lilikuwa ubahili: nilikuwa na tepu nyembamba, nikabandika vipande viwili sambamba. Pale vilipokutana pakawa na ukingo usioonekana kwa jicho, lakini ngozi iliuona. Nilibandua yote, nikaanza upya.

Halafu poda, na hapa nilijichekea. Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimekulia kwenye mbao za keram, na kila mtoto wa baraza anajua kete haziendi bila poda. Siri niliyoijua tangu nina miaka saba nilikuja kuonyeshwa na Mzungu ng'ambo ya bahari. Basi nikanunua poda ya mtoto, nikamwaga kama kwenye keram. Siku ya kwanza bunduki iliteleza kama samaki. Jumamosi iliyofuata, asubuhi ya Agosti yenye unyevu, ilikwama kuliko hata zamani. Nilipochunguza masikio nikakuta utando mweupe umegandamana, ugali mtupu.

Nikasoma lebo: wanga wa mahindi! Poda nyingi za watoto madukani hapa siku hizi ndizo hizo; Johnson & Johnson waliacha kuuza ya talki, ule unga wa jiwe laini, Marekani na Kanada mwaka 2020, kufuatia kesi nyingi za afya. Wanga unakunywa maji ya hewani, talki haifanyi hivyo. Kama unatumia talki, ile vumbi yake usiivute, haina kheri na mapafu. Mimi hutia kiasi kidogo ndani ya soksi kuukuu, nafunga fundo, nauchapa mfuko wa mchanga taratibu, nasugua kwa kidole gumba, kisha napangusa chote kinachopanguswa. Kinachobaki ndani ya vinyweleo vya ngozi kinatosha. Wengine wanatumia unga wa maika, yale madini ya kumetameta, nao ni mzuri, unang'aa kidogo mikononi.

Vya kupaka vingine nitavipita haraka. Mshumaa nilijaribu, kwa kukumbuka marehemu babangu alivyosugua droo za kabati zikikataa kufunguka. Kwenye droo sawa, juani hapana: unalainika na kuokota kila chembe ya mchanga. Nta ya gari iliyosuguliwa mpaka ikauka inafaa kwenye mbao isiyo na tepu. Silikoni ya kupuliza inateleza kweli, lakini ikiingia kwenye mbao, siku ukitaka kupiga vanishi upya, vanishi inajikunja na kufanya matundu kama macho ya samaki. Kama ni lazima, ipulize kwenye mfuko peke yake, mbali na bunduki, na uiache ikauke.

Mfuko wenyewe watu wanausahau. Ngozi mpya ina mlio, unausikia unapovuta bunduki, na mlio huo ni msuguano unaoongea. Masikio yakibana mno, chukua kipande cha mbao chenye umbo la kitako, kipigepige katikati yake mpaka yapanuke. Ujaze mfuko mchanga mkavu, ushindiliwe mpaka ukiuponda kwa ngumi usibonyee. Na uwe mzito, kwa sababu mfuko mwepesi unasafiri na bunduki, na hapo tepu na poda vimefanya kazi bure. Wenye pesa zao wanatumia mchanga wa zirkoni, ambao ni mzito kupita ule wa kawaida kwa zaidi ya mara moja na nusu. Mimi niliukausha wa kawaida kwenye oveni, jikoni, siku mke wangu yuko kazini. Harufu ilinisaliti.

Jambo la mwisho nililijua kwa kuzidisha. Nikiwa na tepu, talki na mfuko mpya vyote pamoja, bunduki ikawa haitulii kabisa. Nikifunga bolti inasogea mbele, nikigusa kifyatulio msalaba unahama. Jirani yangu wa meza anapiga 6mm PPC, aina ya risasi ya mchezo huu yenye nguvu kuliko .22 yangu, bila kuigusa bunduki ila kwa ncha ya kidole, na utelezi ule ndio anaoutaka. Mimi na .22 yangu nyepesi nilihitaji ishikwe kidogo. Nikaacha poda mbele, nyuma nikabakisha tepu na ngozi tu, nikaweka kizuizi mbele ya stendi ili mbao irudi ilipotoka kila mara. Ukishindana, soma kwanza kanuni za daraja lako. Kuna vipimo vya upana wa mbao ya mbele, mara nyingi inchi 3, na kuna vitu visivyoruhusiwa kubandikwa.

Ile inchi ya wima sasa ni chini ya nusu, na siku isiyo na upepo tundu zinagusana. Mwezi uliopita mzee alipita tena nyuma yangu. Akangoja nitoe bolti, akaivuta bunduki kwa kidole kimoja, ikaja, akaisukuma, ikarudi. Akakinusa kile kidole, akanitazama, akaenda zake.