Mkataba wa mwaka mmoja umekufa: majibu kwa wapangaji na wenye nyumba England

Kuanzia 1 Mei 2026, sheria mpya ya haki za wapangaji, iliyopitishwa Oktoba 2025, inafuta mikataba ya muda maalumu kwa karibu nyumba zote binafsi za kupanga England. Maswali yaliyojirudia zaidi ni haya. Walio Scotland na Wales wana sheria zao.

Mkataba wangu unaisha Agosti 2026. Dalali anasema nisaini mwingine au nifungashe. Ni kweli? (Leicester)

Si kweli. Siku hiyo ya Mei mkataba wako unageuka wenyewe kuwa wa mwezi hadi mwezi, hata kama Agosti imepigwa muhuri. Ukitaka kuhama, unatoa notisi ya miezi miwili. Usipotaka, unakaa.

Mimi niliwahi kubandika mkataba wangu kwenye friji, tarehe ya mwisho nimeizungushia kalamu nyekundu. Miezi miwili kabla ikaja barua ya kifungu cha 21: toka, sababu haikutajwa. Tukahama katikati ya muhula, sare za mtoto zikiwa kwenye mifuko ya taka. Barua ya aina hiyo haiwezi kutolewa tena kuanzia Mei. Aliyepewa kabla ya hapo bado inamhusu, ila mwenye nyumba lazima awe amefungua kesi ifikapo 31 Julai 2026. Na ujumbe wa WhatsApp wa "tafuta pengine" si notisi. Wengi wetu tunahama kwa aibu tu.

Nina nyumba Luton, nataka kuiuza mwakani. Nimefungwa mikono?

Hujafungwa. Kuuza ni sababu halali, na kuhamia mwenyewe pia. Unampa mpangaji notisi ya miezi minne, na huwezi kumtoa kabla hajatimiza mwaka tangu aingie. Ila ukishatumia sababu hiyo, huruhusiwi kuipangisha tena kwa miezi 12, kwa hiyo wale wa "nauza" kumbe wanatafuta mpangaji wa bei kubwa, mlango wao umefungwa. Anayedaiwa kodi unaweza kumpeleka mahakamani, lakini deni sasa lifike miezi mitatu badala ya miwili, na notisi yake ni wiki nne.

Mdogo wangu anakuja kutoka Dar Septemba. Hana historia ya benki hapa wala mdhamini. Tumejipanga alipe miezi sita mbele.

Mtarudishiwa hela. Nyumbani mwenye nyumba ndiye anayedai miezi sita, na ukimpa ya mwaka anakuita mwanangu. Hapa, kabla mpangaji hajaanza kuishi, mwenye nyumba haruhusiwi kudai wala kupokea zaidi ya kodi ya mwezi mmoja, na hata hiyo ni baada ya mkataba kusainiwa. Dipoziti nayo kwa kodi za kawaida haizidi wiki tano. Na bei iliyotangazwa ndiyo ya mwisho: msiahidi pauni 50 za juu ili mpite wenzenu, kwa sababu mwenye nyumba haruhusiwi kuzipokea.

Hapa, kwa maoni yangu, sheria imewabana walewale iliotaka kuwalinda. Miezi sita mkononi ndiyo ilikuwa barua ya utambulisho ya mgeni. Bila hiyo, mwenye nyumba atachagua mwenye historia ya mikopo. Kudai mdhamini bado kunaruhusiwa, kwa hiyo kama wewe una kazi ya kudumu, simama wewe kama mdhamini wake. Lakini soma unachosaini, maana asipolipa yeye, deni ni lako.

Kodi inaweza kupandishwa wakati wowote?

Mara moja kwa mwaka, kwa fomu maalumu na notisi ya miezi miwili. Kipengele cha mkataba kinachosema itapanda kila mwaka hakina nguvu tena. Ukiona imezidi bei ya soko, peleka malalamiko kwenye baraza linaloamua migogoro ya kodi (tribunal) kabla haijaanza. Baraza haliwezi kuipandisha kupita alichotaka mwenye nyumba.

Tumepanga watatu kwa mkataba mmoja. Mwenzetu akiondoka?

Akitoa notisi yeye peke yake, upangaji unakwisha kwenu wote. Kaeni naye mezani mapema, na mwenye nyumba awepo.

Ninaishi chumba kimoja kwa mama wa Mombasa, jiko tunatumia pamoja. Sheria inanihusu?

Haikuhusu. Anayeishi na mwenye nyumba na kutumia naye jiko yuko nje ya ulinzi huu wote. Akitaka uhame, mwenye nyumba anatakiwa kukupa muda wa kutosha tu, na mara nyingi unalingana na unavyolipa: ukilipa kwa wiki, unaweza kuambiwa wiki moja. Mwombe mama akuandikie mwezi mmoja, hata kwenye karatasi ya daftari, nanyi wote wawili msaini.