Babu alibatizwa na jirani kwa kikombe cha maji, je ni ubatizo kweli?

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni wa kijijini huku Ufipa, mkoa wa Rukwa. Babu yetu amefariki mwezi wa tatu. Maisha yake yote alikuwa anasali kigangoni, kanisa dogo la Wakatoliki hapa kijijini, anakaa benchi la nyuma, ila hakubatizwa sababu alikuwa na wake wawili, akaambiwa amwache mmoja akagoma. Usiku wa mwisho hali ikawa mbaya, padri yuko mbali na mvua imekata barabara, mama mmoja jirani wa jumuiya yetu akamuuliza mzee unataka nikubatize, babu akaitikia kwa kichwa, basi akachota maji mtungini kwa kikombe cha bati akammiminia kichwani huku anasema yale maneno. Alfajiri babu akatutoka. Katekista, mwalimu wa dini, akafungua daftari la waliobatizwa, jina hakuna, tukazika bila sala za kanisa. Bibi mkubwa mpaka leo analia eti mzee kafa mpagani. Hivi ule ulikuwa ubatizo au maji tu? Mjukuu, Rukwa.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana na msiba. Kabla hujamaliza kusoma hapa mwite bibi umwambie: kama yule mama alimmiminia maji kichwani na kusema "nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", na nia yake ilikuwa kufanya kile Kanisa linachofanya, basi mzee wake amekufa Mkristo. Mtu akiwa kwenye hatari ya kufa yeyote anaweza kumbatiza, awe mama wa jumuiya, nesi, hata asiyebatizwa mwenyewe. Kwa mtu mzima wanaangalia kama anajua kidogo mambo makuu ya imani, kama ameonyesha nia kwa namna yoyote ile na kukubali kushika amri, sasa mtu aliyekaa benchi la nyuma miaka yote hiyo halafu akaitikia kwa kichwa, mimi sioni shaka ya kuanzia wapi.

Na wala si jambo geni. Mei 1886 kule Munyonyo, Uganda, Karoli Lwanga, mkuu wa vijana watumishi wa Kabaka, alimbatiza Kizito na vijana wenzake usiku, padri hayupo na Lwanga mwenyewe hakuwa padri, siku chache baadaye wakachomwa moto Namugongo, leo tunawaita watakatifu. Hata Rabai karibu na Mombasa, kule kwa wamisionari Krapf na Rebmann, mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mgonjwa wa kitandani, mwaka 1851.

Huko kwenu najua mambo ya ubatizo yalikuwa mazito tangu zamani. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walishika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885 wakaja na utaratibu wa mwanzilishi wao Kardinali Lavigerie wa miaka minne ya kusubiri ubatizo, wazee wetu walitembea kwa miguu kwenda mafundisho mpaka wakachoka, ila hata kwa utaratibu ule mkali mgonjwa wa kufa alikuwa habanwi na miaka minne. Sasa mtu akilisahau hilo akabaki na daftari tu, ndo yanatokea kama haya yenu. Simsemi vibaya katekista wenu, huenda hakuna aliyemwambia habari ya usiku ule. Lakini sheria za Kanisa za 1983 zinasema hata mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, akifa kabla ya maji anahesabiwa kama waamini wengine kwenye mazishi, sembuse aliyebatizwa.

Hili la wake wawili linaniuma, nitasema. Sheria yetu Wakatoliki ni kwamba mume anayebatizwa abaki na mke mmoja, hilo halijabadilika, ila sheria hiyo hiyo inamtaka askofu ahakikishe wale walioachwa wanatunzwa kwa haki, na hicho kipande wengi hawakisemi, wanasema tu mwache mmoja. Amwache aende wapi, mama wa watu ana wajukuu pale, shamba si lake, kwao wazazi walishakufa? Waanglikana kwenye mkutano wa maaskofu wao unaoitwa Lambeth mwaka 1888 walikataa kabisa kubatiza mwenye wake wengi, wakaja kulegeza mwaka 1988, abatizwe bila kulazimishwa kufukuza yeyote, ila aahidi haongezi mwingine na jamii ya kanisa pale ikubali. Babu yenu aligoma kumtupa mtu, na kanisani hakuacha kwenda. Mimi namheshimu kwa yote mawili.

Sasa fanyeni hivi, tena mapema kabla yule mama naye hajazeeka akasahau. Mpelekeni kwa paroko mwenyewe, padri mkuu wa parokia, msiishie kigangoni, aeleze siku ile ilikuwaje, maji yapi, maneno gani. Shahidi mmoja wa kuaminika anatosha kuthibitisha ubatizo, na aliyebatiza kwa dharura anatakiwa amjulishe paroko ili uandikwe. Ombeni na misa ya marehemu, bibi wote wawili wakae mbele. Kuhusu jina, kama yule mama alimpa jina la mtakatifu liandikwe hilo, kama hakumpa basi lile lake la Kifipa linaandikwa hivyo hivyo, kinachokatazwa ni jina linalopingana na Ukristo tu.