Mtoto ana mafua: nimpake mkaratusi?

Dada wa Kayole, umeuliza kama baridi hii ya Julai inafaa umpake mtoto wa miezi minane mafuta ya mkaratusi, na uweke mafuta gani mengine nyumbani.

Mtoto, hapana. Chini ya miaka miwili mkaratusi usimkaribie usoni wala kifuani. Unaweza kumbana pumzi, na akiumeza ni sumu. Pua ikiziba, mtie matone ya maji ya chumvi kutoka duka la dawa. Akihema kwa shida, mkimbize hospitali.

Ya kuweka nyumbani, mimi ningenunua mafuta ya karafuu kwanza. Yana yujenoli, kemikali inayotia ganzi jino linalouma. Changanya tone moja na kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba, gusa jino lenyewe, maana ufizi huungua. Halafu umwone daktari wa meno, tundu halizibwi na harufu!

Mafuta ya mchaichai hufukuza mbu kwa muda mfupi tu. Neti ibaki.

Chagua chupa ya kioo cheusi iliyoandikwa jina la kisayansi la mmea. Zile za plastiki nyeupe zinazoanikwa juani kando ya barabara, mimi siziamini.