Fundi Anajibu: Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika

SWALI: Ndugu fundi, salaam. Ninamiliki pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1996 yenye injini ya dizeli ya 3L, ambayo kwa miaka tisa sasa imekuwa ikinibebea viazi kutoka mashambani hadi barabara ya lami hapa Njombe. Mita yake inasoma kilomita 486,000. Asubuhi inawaka kwa shida, inatoa moshi wa samawati hata ikishapata moto, na inakunywa lita moja ya oili kila baada ya kilomita mia sita hivi. Fundi wa kwanza anataka tubadilishe ringi tu, bila kuishusha injini. Wa pili anasema nisihangaike, ninunue injini ya mtumba Dar es Salaam. Nimsikilize nani? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Ndugu yangu wa Njombe, mafundi wako wote wawili wamekuandikia dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Dalili ulizozieleza zinaelekeza kwenye silinda na ringi, yaani zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni na kuziba nafasi kati yake na silinda, lakini moshi wa samawati unaweza pia kutokana na sili za valvu zilizokauka, ambazo hubadilishwa kwa gharama ndogo sana, na ugumu wa kuwaka asubuhi katika baridi ya huko kwenu unaweza kuwa ni wa plagi za kupashia joto peke yake. Kwa hiyo, kabla bolti hata moja haijalegezwa, injini ipimwe mgandamizo, yaani shinikizo la hewa inayobanwa na pistoni ndani ya kila silinda.

Kipimo hicho kifanywe injini ikiwa na moto, plagi za joto zote nne zikiwa zimetolewa na dizeli ikiwa imekatwa, kwa geji ya dizeli, kwa maana geji ya injini ya petroli haihimili shinikizo hilo. Kitabu cha karakana cha 3L kinataka takribani kilo 32 kwa sentimita ya mraba katika kila silinda ya injini isiyo na hitilafu, hakikubali chini ya 20, wala tofauti inayozidi 5 kati ya silinda na silinda. Hapo pana jambo ambalo mafundi wa pwani hulisahau: Njombe iko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, na geji itasoma chini kwa kiasi hicho hicho hata injini ikiwa nzima. Namba iliyosomwa Kariakoo, Dar es Salaam, usiilinganishe na ya Njombe. Linganisha silinda zako zenyewe kwa zenyewe.

Ule mtindo wa kumimina oili kidogo ndani ya silinda ili kuona kama mgandamizo utapanda siupendi kwenye dizeli, kwa sababu nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo mno. Oili ikizidi kidogo tu, konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, inaweza kupinda. Ni afadhali kuingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga, kisha kutega sikio. Upepo ukitokea kwenye bomba la kupumulia la injini, ringi na silinda zimekwisha. Ukitokea kwenye ekzosi, valvu haikai. Na maji ya rejeta yakitoa mapovu, una gasketi iliyoungua au hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, iliyopasuka.

Tuchukulie kwamba upepo umetokea kwenye bomba la kupumulia, kama ninavyoshuku. Je, ringi peke yake zitatosha? Sioni namna. Silinda ya 3L ikiwa mpya ni duara la milimita 96, lakini haliki sawasawa kila mahali: hulika zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeuza mwendo na pale moto na vumbi vinapokutana, tena hulika upande mmoja kuliko mwingine. Baada ya kilomita zako hizo, juu kabisa patakuwa na ukingo ambao ringi haijawahi kuufikia, na chini yake silinda itakuwa na umbo la yai. Ringi mpya, ambayo ni duara kamili, ukiiweka humo itagusa hapa na kuacha pale, na mara nyingine hujipiga kwenye ukingo ule ikavunjika. Injini itatulia kwa miezi michache, kisha utarudi ulipoanzia, na gasketi utakuwa umeshanunua mara mbili.

Kinachotakiwa ni injini ishushwe, ifunguliwe yote, na silinda zipimwe kwa geji ya saa (ile yenye mshale na uso kama wa saa) sehemu ya juu, ya katikati na ya chini, kila mahali mara mbili kwa kukingamisha. Mimi ulikaji ukifikia sehemu mbili za kumi za milimita huwa sibishani tena: bloku inakwenda kwenye mashine, kuchongwa kwa ovasaizi, yaani kutanuliwa ili ipokee pistoni kubwa zaidi, au kuvishwa laina mpya, yaani bomba jipya la ndani ya silinda. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mchongaji zikiwa mkononi, kwani kila silinda huchongwa kwa kufuata pistoni yake na wala si kwa kufuata maandishi ya kwenye boksi. Kranki nayo, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ipimwe kabla ya kununua beringi, ambazo huuzwa standadi, au za kranki iliyochongwa kwa milimita 0.25 au 0.50; wapo waliokwisha kununua standadi kwa haraka, wakaja kugundua kwamba kranki ilishachongwa na mwenye gari aliyewatangulia.

Hedi ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi kwenye injini hizi, kwa sababu ikiwahi kuchemka hupasuka katikati ya valvu mbili, na ufa huo hauonekani kwa macho mpaka hedi izibwe, itiwe upepo na kuzamishwa ndani ya maji. Usikubali ikwanguliwe ovyo, kwani vyumba vidogo vya mwako vilivyopachikwa ndani yake na kina cha valvu hutegemea uso huo huo. Gasketi yake pia huja kwa unene tofauti, na huchaguliwa baada ya kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku; ukichukua yoyote iliyopo dukani, mgandamizo hautakuwa ule uliokusudiwa.

Kazi ikirudi kutoka kwenye mashine, silinda zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, zisioshwe kwa petroli. Petroli huondoa mafuta na kuacha unga wa jiwe la kuchongea, nao hula ringi mpya ndani ya wiki chache. Sugua mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha paka oili papo hapo kabla ya kutu. Ni kazi ya kuchosha ambayo hukabidhiwa kijana mwanafunzi jioni, na huenda ndiyo iliyoua injini nyingi kuliko spea bandia.

Kuhusu injini ya mtumba, siipingi moja kwa moja, ila 3L zinazoletwa leo ni wazee wenzake na hiyo yako, nawe unainunua ikiwa kavu, bila kuisikia ikiunguruma. Ukilazimika, omba sampu, yaani bakuli la oili la chini ya injini, ifunguliwe mbele yako utazame matope ya oili na chembe za chuma, na kumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko hayo lazima yafikishwe TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kama bloku yako haina ufa, ningeijenga hiyo unayoijua historia yake. Hakikisha tu kwamba rejeta, themostati na pampu ya maji vinashughulikiwa katika bajeti ileile.

SWALI: Fundi, injini ya pikapu yangu ilijengwa upya miezi minne iliyopita. Niliagizwa niiache iungurume polepole bila mzigo siku nzima ili ilainike, kisha niendeshe taratibu. Sasa imetembea kilomita 2,500 na bado inapunguza oili. Je, niweke oili nzito zaidi? (Msomaji, Kwale)

JIBU: Oili nzito itakuficha ugonjwa, na itachelewa kufika kwenye beringi asubuhi. Kosa liko kwenye agizo lenyewe. Ringi husukumwa dhidi ya silinda na shinikizo la mwako linalopita nyuma yake. Injini isiyo na mzigo haina shinikizo la kutosha, kwa hiyo ringi huteleza juu ya ile mistari midogo iliyoachwa na jiwe la kuchongea kwenye ukuta wa silinda bila kuisaga, oili ikaungua hapo na kugeuka utando mgumu kama kioo.

Mwaga oili, badilisha na chujio, kisha pakia mzigo wa wastani na upande mlima kutoka Kombani hadi Kwale mjini kwa gia ya tatu, ukikanyaga kwa nguvu bila kuilemea injini, ukitazama geji ya joto. Juu ukifika, shuka gia ikizuia mwendo, na urudie mara kadhaa. Kabla ya hapo kagua mpira unaotoka kwenye chujio la hewa, kwa sababu ukiwa umepasuka unaingiza vumbi na silinda zimeshaanza kulika upya. Baada ya kilomita elfu moja pima oili tena. Isipobadilika, pistoni zitolewe na silinda zipitishwe jiwe jepesi kurudisha mistari, ringi zikiwa mpya.