Mahindi ya njano, mchicha wa kivulini na maswali mengine ya masika

Maswali ya msimu huu karibu yote yanahusu rangi ya majani. Nimechagua matano kutoka pande mbalimbali za Tanga.

Shikamoo bwana shamba. Mahindi yangu hapa Muheza yamefika magotini. Majani ya chini yanageuka njano, ya juu ni mabichi. Jirani anasema ni ugonjwa, ninunue dawa. Ninunue?

Marahaba mama. Dawa iache dukani kwanza. Litazame jani lenyewe: njano ikianzia nchani na kuingia katikati ya jani kwa umbo la V, mahindi yana njaa ya naitrojeni. Ikitambaa pembezoni tu, shuku potasiamu.

Huanzia chini kwa sababu mmea ukiikosa naitrojeni udongoni huvunja protini za majani makuukuu na kuihamishia kwenye machanga yanayopata jua zaidi. Madini ya chuma hayahamishiki hivyo, ndiyo maana upungufu wake huonekana kwanza kwenye majani mapya ya juu.

Kwa kimo hicho bado hujachelewa kuweka mbolea ya kukuzia. Urea ina naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23 katika mfuko wa kilo 50, lakini ukiitupa juu ya udongo na jua likawaka, sehemu yake hugeuka amonia ikapaa. Ifukie kando ya shina, isiguse shina, udongo ukiwa na unyevu. Jani lililokwisha kauka halitarudi kijani. Pima matokeo kwa majani mapya.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga mjini. Mlinganyo wa usanisinuru, yaani jani kujitengenezea chakula kwa mwanga, una kabonidayoksaidi, maji, glukosi na oksijeni. Naitrojeni haimo. Sasa inahusikaje?

Haimo kwa kuwa mlinganyo huonyesha kinachoingia na kinachotoka tu. Hauonyeshi mitambo inayofanya kazi, na mitambo hiyo ndiyo iliyojengwa kwa naitrojeni. Kila molekuli ya klorofili ina atomi 4 za naitrojeni zilizoizunguka atomi 1 ya magnesiamu. Hata hivyo klorofili si mlaji mkuu. Fungu kubwa limo kwenye protini, hasa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali) kiitwacho rubisko, ambacho hunasa kabonidayoksaidi.

Rubisko ni mvivu wa kupindukia. Hunasa molekuli chache tu kwa sekunde, ilhali vimeng'enya vingine hushughulikia maelfu. Jani hufanya kama tajiri mwenye vibarua wazembe: huajiri wengi. Katika mpunga, rubisko peke yake huchukua takriban robo ya naitrojeni yote ya jani. Ikipungua naitrojeni, rubisko hupungua, na sukari inayotengenezwa hupungua hata jua likiwa kali na maji yapo.

Mahindi yana ujanja wake. Huisukuma kabonidayoksaidi ikalundikana kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, hivyo rubisko kidogo hutosha. Mchicha nao umo katika kundi hilo. Mwalimu akikubishia, mwombe mchore pamoja jani la hindi lililokatwa mkato mtambuka.

Nina matuta ya mchicha chini ya mwembe, Makorora. Kila nikiweka urea unarefuka tu, mwembamba, halafu unalala. Niongeze?

Acha kabisa. Kivulini kinachokosekana ni mwanga, na rubisko ya ziada haina kazi ya kufanya. Tena naitrojeni isiyotumika hulundikana majanini kama naitrati, yaani chumvi ya naitrojeni, na mchicha huo unakwenda mezani kwako. Pogoa matawi ya mwembe au hamisha matuta.

Bwana shamba, mpunga wangu Mombo ulikuwa kijani kizito, kila mpita njia anausifu. Sasa umelala wote. Nini kimetokea?

Pole sana ndugu. Wapita njia hawavuni. Naitrojeni ikizidi, majani hubanana na kutiana kivuli; ya chini hutumia sukari nyingi kupumua kuliko yanayoitengeneza, na mashina hurefuka yakiwa laini. Magonjwa ya ukungu nayo huupenda mpunga wa namna hiyo. Msimu ujao igawe mbolea: sehemu wakati wa kuchipua machipukizi, sehemu mashuke yanapoanza kujengeka ndani ya shina. Usiimwage yote kwa mara moja.

Shamba la Pongwe limetuama maji wiki nzima, mahindi yote njano. Urea ninayo ndani, niimwage leo?

Usiimwage. Mizizi iliyokosa hewa haiwezi kunyonya vizuri, na bakteria wa udongo uliojaa maji huigeuza naitrati kuwa gesi ikapotelea angani. Chimba mtaro leo. Udongo ukishaanza kumeguka mkononi badala ya kunata kama tope, ndipo ufungue mfuko.